Gawa Kabla Hujatia Tui: Kupika kwa Gharama Ndogo na Kula Mwiku (Kiporo) Ulio Salama

Jikoni kwa bibi yangu, kule Wete, Pemba, muhogo ukishaiva kwenye maji ya chumvi, kabla tui halijaingia sufuriani, alikuwa akiteka upawa baada ya upawa mpaka bakuli la bati likajaa. Analiweka pembeni, analifunika kwa kawa, ndipo anarudi kwenye sufuria na nazi yake. Tukimuuliza cha nini, jawabu lilikuwa moja: "Hicho cha asubuhi." Asubuhi vile vipande vinaingia kwenye mafuta ya moto, vinatoka vimekauka nje na laini ndani, vinanyunyiziwa pilipili na ndimu, nasi tunakwenda skuli tumeshiba.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipoanza kushika pesa ya matumizi ya nyumba yangu mwenyewe hapa Mwanakwerekwe, Unguja. Tui ndilo linalokifanya chakula chetu kiwe kitamu, na ndilo hilo hilo linalokiharibu haraka. Muhogo mtupu uliochemshwa hauharibiki upesi hivyo. Muhogo wa nazi ulioachwa mezani usiku mmoja wa joto unaamka umechacha, una povu na unavuta uteute. Ukigawa kabla ya tui, moto mmoja umekupa milo miwili. Ukigawa baada ya tui, umepika mlo mmoja na hasara. Karibu yote ninayoyaeleza hapa yanatoka kwenye bakuli lile la bati.

Sokoni: tazama mwezi na upepo

Bei ya samaki kwetu inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri bahari ikiwa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi inaishinda taa, dagaa wanapungua na bei inapanda. Basi dagaa wabichi wanunue kwenye giza, na wakiwa wengi chukua na wa kukausha. Pweza naye ana siku zake: kwenye bamvu, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, maji hukupwa mpaka mbali na wanaochokoa pweza wanautembea mwamba kwa miguu. Ukimtaka kwenye maji mafu, yasiyokupwa mbali, utamlipia zaidi. Upepo wa kusi ukishika, bahari inachafuka na vyombo vidogo vingi havitoki. Hiyo ndiyo miezi ya chooko (choroko), kunde na ng'onda (samaki mkavu), wala si miezi ya kulazimisha changu mbichi kila siku.

Mboga za majani na tungule (nyanya) zinafaa kununuliwa jioni, muuzaji anapotaka kumaliza fungu lake. Tungule zilizolainika, ambazo watu huzipita, ndizo nzuri zaidi kwa mchuzi. Zikatekate, zipike na chumvi na mafuta kidogo mpaka maji yakauke, zitie kwenye chupa safi ndani ya friji. Siku tatu una mchuzi unaosubiri samaki tu.

Samaki usimnunue jioni kwa sababu ya bei. Nenda dikoni, wanakoshushwa samaki, au sokoni mapema. Jicho liwe limejaa na linang'aa, ndani ya mashavu kuwe kwekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Hasa vibua, jodari na nguru: hawa wakikaa juani huingia sumu iitwayo histamini, ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kukaanga. Mtu huwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, na samaki mwenyewe huenda hana harufu yoyote mbaya. Hakuna bei inayostahili hilo.

Viungo nunua vizima na kidogo kidogo: uzile (bizari nyembamba), pilipili manga, mdalasini, hiliki, karafuu. Vilivyosagwa zamani vinakuwa vumbi, unatia vijiko vitatu kwa kazi ya kimoja.

Nazi moja, matui matatu

Chagua nazi nzito kwa ukubwa wake, itikise, usikie maji. Ikune, ukikaribia kifuu usikwangue ile ngozi nyeusi, inalichafua tui. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, fikicha kwa mkono mpaka uhisi mafuta yanateleza kati ya vidole, kisha kamua na uchuje. Hiyo ndiyo kasimile. Iweke peke yake. Tia vikombe viwili vya maji, kamua tena, hilo tui la pili. Vikombe viwili vyengine, la tatu.

Wengi wanakosea kwa kutia yote pamoja tangu mwanzo. Matui mepesi ndiyo ya kuchemshia. Kasimile inaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na kuanzia hapo usifunike wala usiache kukoroga, la sivyo tui linakatika na mafuta yanaelea peke yake. Kwa njia hii nazi moja inatosha sufuria ambayo wengine wanaitilia mbili, maana ladha ya kasimile haikupotea kwa kuchemka nusu saa.

Nazi ikiwa kubwa kuliko unavyohitaji, kuna nafuu moja kwa asiye na friji: ikune nusu tu. Nusu ya pili, ikiwa bado ndani ya kifuu chake na imefunikwa kwa kitambaa mahali pa ubaridi, inafika kesho. Tui lililokwisha kukamuliwa halifiki. Mwenye friji aigandishe kasimile kwenye vikombe vidogo. Chicha wape kuku.

Muhogo wa siku mbili

Kwa watu sita: muhogo kilo 2, nazi 1, ng'onda au papa mkavu robo kilo, kitunguu maji 1, tungule 2, pilipili mbichi 2 nzima, ndimu 1.

1. Roweka ng'onda kwenye maji ya moto nusu saa, mwaga, rudia mara ya pili. Mchambue miba.

2. Menya muhogo, upasue, toa ule mzizi wa katikati. Gusa kila muhogo kwa ncha ya ulimi, kisha tema. Ulio mchungu utupe. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi yote.

3. Chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi kidogo, bila mfuniko, mpaka kisu kipite bila kushindana. Mwaga maji yote.

4. Gawa hapa. Toa theluthi moja ya vipande, chagua vilivyo imara, vitandaze kwenye sinia vipoe upesi. Visirundikwe, mvuke ukibaki katikati vinakuwa na majimaji. Vikipoa, viingie kwenye friji.

5. Vilivyobaki virudi motoni pamoja na kitunguu, tungule, pilipili nzima, ng'onda, na tui la pili na la tatu mpaka vifunikwe. Dakika kumi na tano, tui linaanza kuwa zito. Mimina kasimile, koroga taratibu dakika tano, epua. Ndimu ikamuliwe nje ya moto. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu ng'onda ana yake.

Asubuhi una vipande vya kukaanga. Mafuta yawe ya moto kweli, na vipande vifutwe maji kwa kitambaa safi, ndipo vinapata ule ukavu wa nje. Ukitaka zaidi, viponde, changanya na samaki wa jana aliyechambuliwa, yai, kitunguu kilichokatwa mdogo mdogo na pilipili manga, finyanga, kaanga. Watoto wangu wanazipenda kababu hizi kuliko za nyama.

Mtindo ni huo huo kwa ndizi mbichi, viazi vitamu na majimbi, ila majimbi yaive sawasawa, yakiwa mabichi yanawasha koo. Na kwa shelisheli, tunda ambalo jina lake ni lile lile la visiwa vya Shelisheli. La kuchemsha likibaki, kesho likate vipande vyembamba ulikaange, ni tamu kupita mbatata.

Kisamvu kina njia yake: kitwangwe na kichemshwe sana kwanza, tui baadaye. Nacho ukikigawa kabla ya tui, sehemu ya pili inakaa kwenye friji siku mbili bila shida.

Chooko na maharage

Moto wa kuivisha kikombe kimoja cha maharage ni karibu sawa na wa kuivisha vitatu. Kwa bei ya mkaa na gesi ilivyo, kupika kikombe kimoja ni kuunguza pesa. Pika cha siku mbili.

Chooko hazihitaji kulala majini. Vikombe viwili kwa vikombe saba vya maji, zinapasuka kwa muda usiozidi saa moja. Maharage yaroweke usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yaliyoiva nusu yanaumiza tumbo vibaya.

Zikiiva, gawa. Nusu ya kwanza kaangia kitunguu, thomu (kitunguu saumu) na tungule, tia matui mepesi na umalizie kwa kasimile. Hiyo ya wali leo. Nusu ya pili ichuje. Kesho ikaange kavu na bizari ya manjano na uzile, ule na chapati, au iponde pamoja na mbatata za kuchemsha ufanye katlesi. Maji uliyochuja yasimwagwe, ni supu nzuri kwa kitunguu, pilipili manga na ndimu.

Samaki: kaanga leo, mchuzi kesho

Ukinunua vibua kumi, usiache watano wabichi wakisubiri kesho. Waoshe wote, wachanje, wapake thomu, chumvi, pilipili na ndimu, na wote uwakaange siku ile ile. Watano wa leo, watano wapoe na waingie kwenye friji. Kesho kaanga kitunguu, tia tungule zile za chupani, kipande cha embe bichi au maji ya ukwaju, acha mchuzi uchemke mpaka mafuta yapande juu, kisha waingize samaki dakika tano tu. Samaki wa kukaanga hapukutiki mchuzini na anaunyonya ukali wa embe. Kwa maoni yangu ni mtamu kuliko aliyepikwa mbichi.

Vichwa na mifupa ya samaki wakubwa ni supu: tangawizi, thomu, pilipili nzima, ndimu, dakika ishirini.

Wali uliobaki

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndicho chakula kinacholala zaidi majumbani mwetu na ndicho kinachochukuliwa kwa wepesi.

Ramadhani moja nililaza sufuria ya wali wa nazi juu ya meza, ya moto bado, imefunikwa kwa mfuniko wake, ili tuule daku. Nilipofunua ulinukia kama kawaida. Nikaupasha, tukala. Kabla ya jua kuchomoza watoto wawili walikuwa wanatapika na mimi mwenyewe siwezi kusimama.

Sababu nilikuja kuijua. Mchele una vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Ukija kuupasha unaua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa inabaki. Haina harufu wala ladha, kwa hiyo kunusa hakukulindi. Sufuria iliyofunikwa ikiwa na moto wake ndiyo nyumba nzuri kabisa kwao, kwa sababu katikati yake hupoa polepole mno.

Basi fanya hivi. Ukiona wali utabaki, utoe mara tu mnapomaliza kula, usisubiri usiku. Utandaze kwenye sinia pana, unene usizidi vidole viwili, uweke penye upepo na juu yake kawa, ambalo linazuia nzi huku mvuke ukitoka. Ukipoa, uweke kwenye chombo kifupi uingie kwenye friji. Kwa joto letu usivuke saa moja nje. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kote. Umeme ukikatika, usiifungue friji ovyo. Ukikosekana kwa zaidi ya saa nne, wali, samaki na vyote vya nazi vitoke humo na visiliwe.

Na kama huna friji, pima mchele wa mlo mmoja. Najua kwetu sufuria ikikwanguliwa mpaka chini mwenye nyumba huona aibu, kana kwamba mgeni hakushiba. Lakini ongezeko liwe la muhogo au ndizi pembeni, badala ya wali. Na wali unaojua utalala kwenye friji, upike mweupe bila nazi. Tui litaingia kwenye mchuzi.

Wali baridi wa jana, uliotunzwa hivyo, una matumizi mawili ninayoyapenda. La kwanza ni kuukaanga: kitunguu, karoti, pilipili boga, bizari ya manjano, mayai mawili yaliyovurugwa pembeni mwa kikaango, kisha wali ukiwa bado baridi, moto mkali, koroga haraka. Wali wa moto ungefanya bokoboko. Wa baridi unaachana punje kwa punje.

La pili ni vitumbua. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, umwage maji. Saga kwenye blenda pamoja na nusu kikombe cha wali wa jana, kikombe kimoja cha kasimile, robo tatu ya kikombe cha sukari, hiliki na kijiko kidogo cha hamira. Saga mpaka ukipaka kidole usihisi chenga. Wali ndio unaoushika mchanganyiko na kuvifanya vitumbua kuwa laini hata vikipoa. Uache ufure, saa moja au zaidi, mpaka juu uone mapovu madogo. Koroga mara moja kwa upole. Chomea kwenye kikaango cha vitumbua, mafuta nusu kijiko kila shimo, moto wa wastani. Pembeni pakikauka na katikati pakiwa pamejaa matundu, geuza kwa kijiti.

Ukitaka mkate wa kumimina, mchanganyiko ni huo huo, ongeza ute wa yai moja uliopigwa, umimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Chini ukishika, palia makaa juu ya mfuniko mpaka uive rangi ya dhahabu.

Boflo na chapati

Boflo (mkate) la jana likikauka, likate vipande, lipike kwa tui, sukari kidogo na hiliki mpaka linywe tui lote; ni kifungua kinywa. Likikauka sana, lisugue liwe chenga za kuvingirishia katlesi. Chapati za jana zikate nyembamba kama tambi, zitumbukize kwenye mchuzi wa nyama uliobaki dakika tatu kabla ya kuepua. Vyote vikiwa na ukungu hata kidogo, vitupwe vizima. Kukata kile kipande cha kijani hakusaidii.

Urojo wa kumalizia wiki

Alkhamisi jioni nafungua friji na kutoa kila kibakuli. Mbatata mbili za kuchemsha, katlesi tatu za chooko, kipande cha kuku, mayai, muhogo wa kukaanga. Hakuna hata kimoja kinachotosha nyumba. Vyote pamoja ni urojo.

Chemsha maembe mabichi mawili yaliyomenywa katika lita moja na nusu ya maji mpaka yalainike, yaponde humo humo, toa kokwa. Msimu wa embe ukipita, tumia ukwaju uliorowekwa na kuchujwa. Tia chumvi, nusu kijiko cha bizari ya manjano, thomu iliyopondwa. Pembeni koroga vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano kwa maji baridi, hakikisha hakuna madonge, umimine polepole huku mkono mwengine unakoroga sufuria. Uendelee dakika kumi na tano, mpaka unga uive na urojo uwe kama uji mwepesi unaong'ang'ania upawa kidogo. Onja: uchachu uje kwanza, chumvi baadaye. Ukipungua uchachu, kamua ndimu baada ya kuepua.

Mbatata ziingie kwenye sufuria zipate moto kabisa, na kuku pia, achemke humo. Katlesi zipashe kwenye kikaango, zikizidi siku mbili usizitumie. Chatne ya nazi fanya mbichi siku hiyo: nazi iliyokunwa, pilipili, thomu, ndimu, chumvi, saga. Kila bakuli lipate vipande vyake, urojo juu yake, chatne, pilipili kwa anayetaka, na muhogo wa kukaanga uvunjwe mwisho kabisa ili mtu autafune ungali mkavu.

Sufuria ikibaki na urojo, usiulaze, kwani unga ulioiva huchacha upesi. Utie kwenye bakuli, ufunike kwa sahani, mtume mtoto kwa jirani ungali na moto wake.